Jina Lake Darasani

Natamani ningekataa kurudia darasa la saba kwa jina la rafiki yangu. Harufu ya korosho zinazochomwa hapa Kisarawe imenikumbusha. Nilikuwa nimefeli, yeye alikuwa kijijini Dutumi akimuuguza bibi yake, na mwalimu mkuu hakutaka idadi ya wanafunzi ipungue, akaniweka mahali pake.

Kisha akarudi, ameniletea korosho za kuchoma mfukoni. Mwalimu alipoita jina lake, tuliitika wawili.

"We mzimu, umetoka wapi?" wenzetu wakamcheka.

Akanigeukia. "Waambie basi, ndugu yangu."

Nikainama, nikakwangua dawati kwa ukucha. Akarudishwa nyumbani, hakusoma tena.

Mimi nilifika sekondari kwa jina lake, likabaki kwenye vyeti vyangu. Hakunisemesha mpaka akafa, na wanangu wote wanabeba jina la baba yake, si la baba yangu.