Nilivyonyimwa ruhusa ya kwenda kupima antimata, hadi fimbo ya Baba ya mfongo iliponitetea

Wakuu, shikamooni mnaostahili, wengine mambo.

Kuna jamaa juzi humu aliuliza kama yupo Mtanzania aliyewahi kuiona antimata. Kuiona hapana. Kujaribu kuipima, ndiyo, mimi hapa. Na nilikaribia kuikosa safari kwa mdomo wangu mwenyewe. Nasimulia yaliyonikuta, chumvi siongezi.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nafundisha fizikia sekondari moja Moshi mjini, nimepanga chumba Majengo. Nikapata scholarship ya masters Ulaya, kwenye maabara iliyokuwa inatengeneza atomu za antimata. Walitaka jibu langu kabla ya katikati ya Januari.

Krismasi nikapanda kwetu Kilema, mlimani, kama Wachagga wote duniani. Nyumbani Baba alikuwa peke yake. Mama alishatangulia, kaka zangu wako Dar, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nampandia kila wikiendi.

Basi sikukuu, ukoo umejaa, mbege inazunguka, nikaulizwa naenda kusomea nini.

Wakuu, nilijimwambafai!

Nikawaambia ni atomu kama za kwetu ila chaji zimegeuzwa, hasi imekuwa chanya na chanya imekuwa hasi. Ikigusana na kitu cha kawaida, vyote viwili vinapotea. Hakuna hata majivu.

Sikusema kwamba ni atomu chache mno, hata zikikugusa mkono huhisi kitu. Hiyo ndiyo ilikuwa ya maana, nami niliiruka ili nionekane.

Baba aliweka kata yake ya mbege chini. Wageni walipoondoka akaniita.

"Efrasia, huendi. Mama yako nilimzika. Wewe nitazika nini, kama hata majivu hayabaki?"

Nikaeleza, nikachora kwenye daftari. Wapi! Na kuondoka bila baraka ya yule mzee nisingeweza. Mnaoweza, hongereni. Nilimpenda mno, na nilimwogopa kidogo.

Kwa wasiojua kwetu: mfongo ni mfereji unaoleta maji ya mtoni hadi kwenye vihamba vyetu vya migomba na kahawa. Usiku maji yanakusanywa kwenye bwawa dogo, tunaliita nduwa, asubuhi yanafunguliwa kwa zamu.

Baba ndiye alikuwa mpimaji. Ana fimbo yenye alama za kisu, anaichomeka kila asubuhi kabla ya kufungua. Miaka nenda rudi, maji kwenye alama ile ile. Wenzake walimtania kwamba kesho ataupima na mlima kama umehama.

Siku ya tatu ya kununiana nikamfuata. Akachomeka fimbo, akainama, akachomeka tena.

"Yamepungua kidole."

"Meku, ni yale yale, fungua," wakasema wenye zamu. (Meku kwetu ni mzee.)

Akagoma. Maji yameingia kama jana, mlango haujafunguliwa, kidole kimekwenda wapi? Tukazunguka ukingo wote, matope hadi magotini. Upande wa chini tukakuta tundu la fuko, maji yanachuruzika taratibu kwenye migomba ya jirani. Siku chache zaidi ukingo ungebomoka.

Anaziba kwa udongo, mimi nampa vipande vya mgomba. Nikasema, "Baba, kazi ninayoiendea ndiyo hii."

Nikamweleza kwamba kwa hesabu za wataalamu, mwanzoni mwa ulimwengu mata, yaani vitu vya kawaida, na antimata viliingia sawa kwa sawa, vikapaswa kumalizana vyote. Lakini sisi tupo, migomba ipo, antimata karibu haionekani. Kuna mahali kidole kimepungua, na hakuna ajuaye tundu liko wapi. Vitabu vinasema atomu ya kawaida na ya antimata zinapokea mwanga sawasawa. Tunataka kuzimulika tupime, tuone kama ni kweli.

Akashindilia udongo kwanza.

"Na mnapima bila kugusa?"

"Zinashikiliwa na sumaku, Baba. Zikigusa ukuta tu, basi."

"Sasa hapo ndipo umesema. Nenda. Pima, ila usiguse."

Akanibariki palepale, mikono ya matope kichwani kwangu. Nililia jamani, siwafichi.

Miaka yangu kule hatukufanikiwa kupima. Atomu zilikuwa zinapotea kabla hatujazimulika. Kila nikipiga simu, Baba swali lake moja: "Kidole mmekipata?"

Waliofanikiwa ni wengine, miaka mingi baadaye, mimi nimesharudi kufundisha. Siku nilipopata habari nikapanda Kilema haraka. Baba kazeeka, macho yamefifia.

"Baba, wamepima. Ziko sawa."

Nilidhani atasikitika. Akacheka mpaka akakohoa.

"Basi fuko hakupita hapo. Waambie wazunguke ukingo."

Mwaka uliofuata tulimzika, karibu na Mama. Namkumbuka kila ninapoingia darasani, na fimbo yake ninayo, naitumia kuonyeshea ubaoni.

Nilichojifunza ni kwamba anayekupenda ukimweleza ndoto yako, anza na lile litakalomtoa hofu. Kujikweza kunaweza kusubiri.

Watu wa fizikia njooni mnirekebishe nilipoteleza. Na watu wa Kilema, naomba mnijibu hili moja: nduwa yetu siku hizi nani anaipima? Nilipopita mara ya mwisho walifungua maji moja kwa moja, sikuona mtu mwenye fimbo.