Programu Iliyokataa Kulala

Masinde, fundi wa kompyuta pale Huruma, hakuna mkutano wa kwaya alioacha ufungwe kwa amani. Kabla ya sala ya mwisho mwenyekiti akiuliza kama kuna mwenye neno, Masinde husimama, na watu waliokwisha kubeba mikoba huketi tena wakiguna.

Mwaka wa 1998 aliiandikia kwaya programu ya kuhifadhi nyimbo, akaiweka kwenye laptopu ya mtumba. Betri ya saa mbili ikawa inaisha kwa dakika arobaini. Alimlaumu aliyemuuzia, akalaumu hata joto la mabati.

Jumamosi moja aliketi kuikagua, mkewe Nasike akikata mboga za sukuma kando.

"Mashine ikikosa kazi hutaka kulala," alimweleza. "Lakini huuliza kila programu kwanza. Moja ikikataa, zote zinakesha, betri ikiliwa. Na kuna moja inakataa kila mara."

"Gani hiyo?"

Masinde alikohoa. "Hii ya nyimbo."

"Kwani huwa na kazi gani ya maana saa hiyo?"

"Hakuna. Niliiandika ijibu tu, 'Ngoja kwanza.'"

Nasike alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Baba Triza, huyo ni mtoto wako kabisa!"

Masinde alirekebisha mstari mmoja, betri ikapona.

Jumapili mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye neno. Kwaya nzima ilimgeukia Masinde. Alibana midomo, akatikisa kichwa. Mwenyekiti, asiamini bahati yake, akafumba macho aombe.

"Ila kidogo tu," Masinde akasema, akisimama, "niwaeleze vile betri ilipona."