Bao la Kungojea Ndiga

Maji ya ndiga yana harufu ambayo sijaisikia kwenye kitu kingine chochote: uchachu wa mhogo uliooza, na ndani yake ukali unaokukwaruza koo hata kabla hujaonja. Ndiga ni kiazi cha porini chenye sumu. Unakikata vipande vyembamba, unaviloweka siku tatu na kumwaga maji kila asubuhi, ndipo uvichemshe ule. Mwaka ule mvua zilipotukimbia na mhogo ukakauka ardhini, Vihingo nzima ilinuka ndiga. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, nami nilikuwa na miaka kumi. Siku nilizihesabu kwa mtungi: leo maji ya kwanza, kesho ya pili, keshokutwa tunakula.

Katika kungojea huko Baba alinifundisha bao. Hakuwa na mtoto wa kiume, na wenzake wa kucheza naye walikuwa wamekwenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Majirani wakasema anamharibu binti. "Basi waje wacheze wao," alijibu. Bao letu lilikuwa la mninga, mashimo thelathini na mawili, na kete zake ni mbegu za komwe, ngumu na baridi mkononi. Mchezo mmoja uliweza kuanza asubuhi ukafika adhuhuri. Na Baba, loo, hakuwa mtu wa kumwonea mtoto huruma! Alinifunga huku anaimba puani, nami nikilia kwa hasira, nikitamani kulitumbukiza bao lake kisimani. Lakini kete zangu zilipopata njia, zikazunguka shimo hadi shimo, wallahi nilisahau kuwa nina tumbo.

Bao lina maneno yake. Ukizichukua kete za mwenzako, umekula. Kete yako ya mwisho ikiangukia shimo tupu, umelala, na zamu inahamia kwa mwenzako. Mdogo wangu Tatu, wa miaka mitatu, angeyajulia wapi hayo? Kila nilipopiga kelele "Nimekula!" alikuja mbio na kibakuli chake. "Dada, umekula nini? Nipe." Mwanzoni tulicheka, jamani, Baba alicheka mpaka akakohoa. Baadaye miguu ya Tatu ikawa vijiti, tumbo likamvimba, na bado alikuja na kibakuli. Baba akalipiga marufuku neno lile. Tuseme "nimechukua," basi.

Siku yenyewe Mama alitoka alfajiri kwenda bomani Kisarawe kupanga foleni ya mahindi ya serikali. Mtungini mlikuwa na ndiga za siku moja tu. Alinishika bega akaniambia, "Mwangalie mwenzio. Asiusogelee mtungi." Nikaitikia. Kisha nikaketi kucheza na Baba, na siku hiyo, kwa mara ya kwanza, nikawa namzidi. Mstari wake wa mbele ulibaki na kete chache za kuhesabika. Marufuku ikanitoka kichwani. "Nimekula! Nimekula tena!" Tatu akaja akanivuta kaniki. "Dada, na mimi." Sikumtazama. Nilimwambia, "Subiri nilale."

Akaenda zake. Labda alidhani kweli nataka kulala, na kwamba hakuna wa kumpa chakula. Kete zangu zilizunguka, zikala, zikazunguka tena, mpaka Baba akakosa cha kucheza. Akanipa mkono kama anavyompa mtu mzima. Nilifurahi, sitasema uongo, nilifurahi kuliko siku nyingine yoyote ya utoto wangu. Mkono wangu ulikuwa bado mkononi mwake tuliposikia mtoto anatapika nyuma ya nyumba.

Mama alirudi alasiri na nusu debe ya mahindi ya njano kichwani. Tatu alikuwa amekwisha kufunikwa shuka. Mama aliuliza jambo moja tu: "Nani alikuwa naye?" Nilifungua mdomo. Baba akaniwahi. "Mimi," alisema. "Nilimwambia binti amwache, nitamwangalia mwenyewe. Nikashikwa na bao." Mama akalitua lile debe taratibu, wala hakumwangalia. Arobaini ilipopita alidai talaka, akanichukua kwenda kwa kaka zake Kibuta. Baba alifia Vihingo peke yake, na Mama hakwenda mazishini wala hakuniruhusu niende.

Sasa mimi ni bibi kizee, nakaa Kibaha, jirani na Kwa Mathias, ambako mahindi yanachomwa kandokando ya barabara na mtu anatupa gunzi lina punje bado. Wajukuu zangu wanabakisha wali nami nawafokea kupita kiasi. Wananiita mkorofi, na kweli ni mkorofi. Njaa ya mwaka ule hawaijui, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kushiba kwangu kwa miaka yote hii hakujanipa ujasiri niliokosa nikiwa na njaa. Mama nilimuuguza mwenyewe, humu humu ndani. Asubuhi moja, katika siku zake za mwisho, nilikuwa namlisha uji, akanishika kifundo cha mkono kwa nguvu ambayo sikujua kama bado anayo. "Baba yako alinipotezea mwanangu kwa mchezo," alisema. "Bora Mungu aliniachia wewe, mwenye akili."

Nikachota kijiko kingine. "Kunywa uji, Mama," nikamwambia, "unapoa."