Msumari wa Mheshimiwa Bouthillier

Kwenye ukuta wa ukumbi wa mji wetu wa Marden, kulia kwa jukwaa, zimetundikwa picha tano: wanaume wanne wenye ndevu na mmoja asiye nazo. Baada yao kuna msumari. Wanaume hao ni wawakilishi wetu wa zamani katika bunge la jimbo. Desturi ya Marden ni kwamba ukichaguliwa mara saba kwenda Concord, makao makuu ya jimbo, mji unakutundika ukutani, na wajukuu wako wanapata pa kuonyesha kidole. Msumari ni wa Normand Bouthillier. Aliupigilia mwenyewe kwa nyundo yake mwezi wa Oktoba, uchaguzi ukiwa bado Novemba. Fremu alikuwa ameshainunua, na picha alikuwa ameshapigwa, uso umegeuzwa kidogo pembeni kama mtu anayeona mbali.

Normand hakuzaliwa kwa ajili ya fremu. Baba yake alishuka kutoka Quebec kuja kupasua mbao, na yeye mwenyewe alinunua lori la kunyonya majitaka akiwa bado kijana. Huku kaskazini mwa New Hampshire kila nyumba ina shimo lake la choo, na kila shimo hujaa. Hapakuwa na familia, tajiri au maskini, ambayo Normand hakuwa ameiona kwa upande wake wa chini. Watu wanasema aliingia siasani akakuta kazi ileile. Hiyo ni dharau kwa kazi ya majitaka, ambayo yeye aliifanya vizuri.

Alichaguliwa mara ya kwanza bila kugombea. Mgombea pekee wa mwaka ule alihamia Florida kwa sababu ya magoti, karatasi za kura zikiwa zimeshachapwa. Wapiga kura walipofika walikuta jina la mtu ambaye tayari anaota jua, na chini yake mstari mtupu ambao sheria inaruhusu uandike jina umtakalo. Lori la Normand lilikuwa limeegeshwa mbele ya ukumbi, BOUTHILLIER kwa herufi za futi mbili ubavuni. Watu wakanakili. Yeye huliita tukio hilo "wito wa wananchi", na amelisimulia kwa sauti inayotetemeka katika kila hotuba tangu siku hiyo.

Rekodi yake ni rahisi kuieleza. Uchaguzi ni kila baada ya miaka miwili. Alishinda, akashinda tena, akashinda, akashindwa mara moja, kisha akashinda mara tatu mfululizo. Katikati alihama chama mara mbili, na mara zote mbili alieleza kwamba yeye hakusogea hata inchi moja, bali chama ndicho kilichohama. Mshahara wa mwakilishi ni dola mia moja kwa mwaka, kwa hiyo hakuna aliyemshuku kwamba anafuata fedha. Alichofuata ni kibao maalumu cha namba ya gari cha wabunge, ambacho alikisafisha kwa mswaki, na neno "Mheshimiwa", ambalo hapa Marden tulimpa bure kwa sababu halikutugharimu kitu.

Bungeni wako mia nne, na Normand alikaa karibu na mlango. Alipeleka miswada miwili maishani mwake. Wa kwanza ulitaka koleo la theluji litangazwe kuwa chombo rasmi cha jimbo. Ulizikwa na kamati kabla ya chakula cha mchana. Wa pili ulihusu mifuniko ya mashimo ya vyoo: iwe mizito, ifungwe kwa komeo. Huo ulipita, na tangu upite hakuna mtoto wala mbwa aliyetumbukia wilayani kwetu. Hilo ni lake, hatumnyang'anyi. Ajabu ni kwamba hakuwahi kulitaja kwenye hotuba. Alidhani si la heshima ya kutosha.

Sasa tufike kwa mkewe, Rolande, na donati zake.

Siku ya uchaguzi, akina mama wa Marden huuza vitafunio ndani ya ukumbi, na huwezi kukifikia kibanda cha kupigia kura bila kupita mbele ya meza yao. Kila mara Rolande alianza kukaanga donati alfajiri: za juisi ya tofaa, zenye kungumanga, nje kavu, ndani laini, bado moto hadi unazihamisha kutoka kiganja hiki kwenda kile. Hakusema neno lolote kuhusu mumewe. Sheria hairuhusu kampeni ndani ya ukumbi, naye ni mtu wa sheria. Alikupa donati yako, akakuuliza hali ya mama yako, ukaenda kibandani na sukari midomoni. Mwaka ule mmoja ambao Normand alishindwa, Rolande alikuwa Lewiston akimuuguza dada yake. Normand alieleza kushindwa kwake kwa upepo wa kisiasa wa nchi nzima.

Ushindi wa saba ulipokaribia hakukuwa na mpinzani. Vyama vyote viwili vilikuwa vimechoka kumtafuta mtu. Lakini gazeti la wilaya liliandika, kwa utani, kwamba kiti cha Marden hukaangwa hakichaguliwi. Normand alisoma mstari huo akiwa amesimama, akausoma tena akiwa amekaa.

"Rolande, mwaka huu usikaange."

"Nisikaange nini?"

"Donati. Sitaki mtu aseme picha yangu imepanda ukutani kwa kushikwa mkono na unga. Nataka wanichague mimi. Mimi kama mimi."

Rolande alirudisha kikaango kabatini. "Haya, baba. Wewe kama wewe."

Siku ilipofika kulikuwa na baridi ya kuuma masikio. Meza haikukaa tupu. Winifred Plumer, jirani ambaye amesubiri nafasi hiyo tangu ujana, alileta donati zake, ambazo hazikaangwi. Huokwa. Ndani yake kuna pumba, na sukari aliiacha kwa faida ya afya yetu.

"Karibuni, karibuni, hizi hazina mafuta hata kidogo!"

"Tumeona, Bi Winifred," alisema mzee mmoja, akiirudisha yake kwenye sinia kwa adabu. "Rolande yuko wapi? Mgonjwa?"

"Mheshimiwa kamkataza."

"Kamkataza? Kwa baridi hii?"

Normand alikuwa nje, nyuma ya mstari unaoruhusiwa, ameshika bango lenye jina lake. Aliona watu wanaingia na kukawia kutoka. Kwa mgombea asiye na mpinzani, kujaza kiduara kimoja kwenye karatasi ya kura ni kazi ya kupepesa jicho. Yeye alimwambia rafiki yake Dwight Sanborn, mwenyekiti wa chama chake, kwamba watu wanakawia kwa sababu wanalifurahia tendo lenyewe.

Walikuwa wanaandika.

Jioni kura zilisomwa. Normand Bouthillier, mia mbili na kumi na mbili. Rolande Bouthillier, kwa mkono, mia moja tisini na tano. Ukumbi ulicheka, Normand naye akacheka, kwa kuwa alikuwa mbele. Kisha karani wa mji akaweka pembeni rundo dogo la karatasi, thelathini na moja, ambazo wapiga kura hawakuandika jina. Waliandika "yule wa donati".

Hapo kicheko cha Normand kilikatika, maana hesabu hiyo hata mtoto anaiweza. Kura hizo zikiwa za Rolande, kiti ni cha Rolande, na msumari unabaki msumari. Mji haukuthubutu kuamua. Makaratasi yalipelekwa Concord, kwa afisa wa uchaguzi wa jimbo.

Wiki iliyofuata walikwenda wote kwa gari moja, Rolande na Normand mbele, Dwight na Winifred nyuma. Njiani Dwight alieleza mpango wake, kwa sauti ya chini, kana kwamba Rolande hakuwa kwenye kiti cha mbele.

"Sheria inasema afisa atafute nia ya mpiga kura. Sawa. Siku ile mezani palikuwa na donati za nani? Za Winifred. Basi 'yule wa donati' ni Winifred! Kura thelathini na moja zinakwenda kwake, hazimfikishi popote, na wewe unashinda. Afisa akikuuliza, we sema tu 'inawezekana'. Neno moja. Unaliweza?"

"Nimehutubia bunge, Dwight."

"Ndiyo maana nasema neno moja."

"Na wewe, Rolande?" aliuliza Winifred. "Unakitaka hicho kiti?"

"Sikuomba, shoga. Lakini mtu akikuandikia jambo kwa mkono wake, kwa baridi ile, huwezi kumtupia usoni." Kisha akafungua kopo lililokuwa magotini mwake. "Nani ana njaa? Uchaguzi si umekwisha? Sasa naruhusiwa."

Gari zima likanukia kungumanga. Normand alikula mbili kabla hawajafika Concord.

Afisa alikuwa mwanamume mwembamba mwenye miwani na mafua. Alizitandaza karatasi mezani, akamsikiliza Dwight, ambaye alizungumza vizuri mno na akasema "kimantiki" mara nyingi. Winifred alikaa wima, mikono kwenye mkoba, kama mtu ambaye tayari anapigwa picha.

"Hoja ina uzito," alisema afisa. "Mimi siijui Marden. Bi Bouthillier, wewe una la kusema?"

"Mimi sikuziandika hizo karatasi," alisema Rolande. Akasogeza kopo kidogo, si kwa mtu yeyote hasa. Afisa alisema ahsante, hapana, yuko kazini.

"Basi, Mheshimiwa, wewe umeiwakilisha Marden muda mrefu. Nikuulize wewe. Je, inawezekana kwamba waliposema 'yule wa donati', walimkusudia Bi Plumer?"

Normand alivuta tai yake. Alimtazama Dwight, ambaye aliitikia kwa kichwa kumtia moyo, kama unavyomfanyia mtoto anayekaribia kuruka mtaro. Nadhani aliiona picha yake pale ukutani, karibu na mzee wa mwisho asiye na ndevu.

"Inawe—" alisema Mheshimiwa.

"Samahani, niongeze tu," alisema Winifred, ambaye heri angeendelea kushika mkoba. "Siku ile watu kadhaa waliniambia zangu zimezipita za Rolande. Kwa mbali."

Normand alifunga mdomo. Masikio yake yakawa mekundu, kuanzia chini.

"Nani?" aliuliza.

"Watu."

"Nani, Winifred? Mtaje. Mtaje mmoja!"

"Normand," alisema Dwight.

"Ngoja, bwana! Zako? Zile za pumba? Winifred, mimi nimefungua mashimo ya vyoo ya mji huu miaka thelathini na nimeona donati zako humo ndani, nzima nzima, hazijaguswa na wakati! Zile si donati, ni gaskiti za pampu!" Alimgeukia afisa, akalisukuma kopo mbele yake. "Bwana Afisa, onja. Onja, kisha uniambie kama kuna mtu mwenye akili timamu atakayeingia kwenye kibanda akaandika 'yule wa donati' akimaanisha mwingine. Yule wa donati ni huyu hapa! Ni mke wangu! Hakuna mwingine, hajawahi kuwepo mwingine!"

Ilikuwa hotuba yake bora katika maisha yake yote ya siasa, na alikuwa ameitumia kujiondoa madarakani.

Afisa alivua miwani. "Ushahidi wa mgombea dhidi ya nafsi yake," alisema polepole, "sijawahi kuupata." Akachukua kalamu, na kwa mkono mwingine akachukua donati. Kura thelathini na moja ziliandikwa kwa Rolande Bouthillier.

Kurudi, Winifred alipanda basi. Dwight alijifanya amelala. Tuliyapata mazungumzo ya safari kutoka kwake, kwani aliyeamua kujifanya amelala husikia kuliko wote.

"Normand," alisema Rolande walipopita daraja la pili. "Ulikuwa unasema kweli?"

"Rolande, nimepoteza kiti. Nimepoteza ukuta."

"Sijauliza kiti. Nimeuliza habari za donati."

Normand alishika usukani kwa mikono miwili. Kibao chake cha mbunge kilikuwa bado kipo mbele ya gari. Hakuwa na haja tena ya kukisafisha, angehamisha tu miliki kwa mkewe.

"Ulidhani nakula kwa adabu?" alisema.

Mheshimiwa Rolande sasa yuko Concord. Amekaa karibu na mlango, kiti kilekile, na anasema bungeni kunachosha na chai yao ni mbaya. Hajapeleka mswada wowote, ila ameuliza mara mbili kwa nini sheria ya mifuniko haitekelezwi katika wilaya jirani, na anapoitaja husema, "sheria ya mume wangu." Normand akisikia hujifanya anatafuta kitu mfukoni.

Msumari haukung'olewa. Kwetu hung'oi msumari wa mtu mwingine. Uchaguzi uliofuata ulipofika, karani alikumbusha kwamba mgombea haruhusiwi kusimama mezani ndani ya ukumbi, kwa hiyo aliyekaanga alikuwa Normand. Alikuwa amevaa aproni ya mkewe na tai yake mwenyewe. Alipomaliza alitazama huku na huku, hakuona pa kutundika upawa, akautundika pale ukutani, baada ya mzee asiye na ndevu. Uko hapo hadi leo.

Donati zenyewe ziliungua upande mmoja. Tulizila, tukaenda kibandani, tukampigia mkewe kura, na hakuna aliyetaja jina la Winifred.