Double ya Kariobangi si double ya Mombasa

Jamani, nimekodi chumba kimoja cha kulala mimi, mume wangu na mama yangu mzazi!

Tangazo la nyumba ya likizo huko Mombasa liliandikwa "double". Hapa Kariobangi, Nairobi, double ni vyumba viwili, ama?

Leo nimempigia mwenye nyumba kuuliza mama atalala chumba kipi.

"Dada yangu, double ni kitanda. Chumba ni kimoja."

Safari ni kesho. Kwingine kote kumejaa.

Mama amesikia. "Mimi nilale chumba kimoja na mkwe wangu? Nendeni tu."

Msiniambie mume abaki. Amejitolea, mama amekataa katakata.

Mama hajawahi kuona bahari. Sasa anatoa nguo zake kwenye begi, polepole, na hata hanilaumu.

Nimwambie nini?