Kisigino cha Matania

Hilkia mchonga masanduku alikuwa mwoga, na upande wote wa kaskazini wa Yerusalemu ulilijua hilo. Mtaani walimwita Shika-Ukuta, kwa sababu alitembea bega likisugua kuta za watu, na akisikia viatu vya askari wa Kirumi huingia ua wowote ulio karibu akajifanya amekuja kuomba maji. Alishaomba maji kwenye nyumba ambazo wenyewe hawakumjua hata jina. Mimi simcheki. Wengi waliomcheka walikuwa wakijificha vilevile, ila wao walijua kutunga visingizio.

Kazi yake ilikuwa masanduku ya mifupa. Maiti ililazwa kwenye shimo refu lililochimbwa ukutani, ndani ya pango la ukoo, na mwaka ukitimia, nyama imekwisha na dhambi zake zimekwenda nayo, jamaa waliingia kuikusanya mifupa na kuiweka sandukuni pamoja na ya babu zake. Sanduku la namna hiyo si kubwa. Urefu wake ni mfupa wa paja, upana wake ni fuvu. Hilkia aliyachonga kwa jiwe laini jeupe, akachora maua ya duara kwa bikari, na mkono wake haukuwahi kutetemeka akiwa na patasi. Kutetemeka kulianza akitoka nje.

Shingoni alivaa msumari. Alivalishwa akiwa na miaka saba, homa imemshika, mama yake akauleta umeviringishwa kwenye kitambaa: msumari wa mtu aliyesulubiwa. Ulikuwa dawa ya homa, dawa ya uvimbe, na dawa ya woga pia. Walimu wa sheria walibishana juu yake. Mmoja alisema ruhusa kuuvaa hata siku ya Sabato, wenzake wakasema hayo ni mambo ya mataifa. Mama yake Hilkia hakungoja waelewane. Mtoto alipona, na tangu siku hiyo kila alipoogopa aliushika ule msumari, na kwa kuwa hapakuwa na siku ambayo hakuogopa, chuma chote kilikuwa kimeng'aa kama kijiko. Kwa miaka hamsini hakuwahi kujiuliza ulitoka kwa nani.

Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Matania, ambaye hakumfuata baba yake kwa lolote. Askari walipokuwa wakichukua punda wa watu barabarani wabebee mizigo yao, Matania hakuiachia kamba ya punda wake. Pakatokea vurugu, askari mmoja akaangukia mtaroni na hakuinuka. Siku ya pili wanaume wanne wakatundikwa nje ya lango, kando ya njia, mahali ambapo kila anayeingia mjini lazima apite.

Hilkia alikwenda. Alifika kwenye pembe ya ukuta wa mwisho, akasimama hapo, na miguu ikakataa kwenda mbele. Alisimama kutwa nzima. Kutoka pale aliona miti minne na watu wanne juu yake, na hakuweza kujua wake ni yupi. Jioni, kwa kuwa Sikukuu ya Vibanda ilikuwa inaingia, akida aliwaruhusu jamaa wawateremshe watu wao. Aliyekwenda na shuka ni Zakai, mdogo wake Hilkia. Yeye mwenyewe alisubiri mlangoni pa pango na taa mkononi, na maiti ilipoletwa imekwisha kufungwa, hakuifunua.

Baada ya hapo watu walibishana. Kisimani, sokoni, kwenye tanuri la mikate, kila mmoja alijua vijana wale walisulubiwaje. Huyu alisema walipigiliwa mikono, yule akasema viganja havihimili uzito wa mtu, walifungwa kamba. Mwingine alisema miguu ilipandanishwa, mwingine kwamba iliwekwa pande mbili za mti. Hilkia akipita walinyamaza, na kilichomuumiza ni kwamba alitaka waendelee. Yeye baba hakujua. Alikuwa akilala na picha mbili za mwanawe, moja ina misumari mikononi na nyingine haina, na hakuthubutu kumuuliza Zakai ipi ni ya kweli.

Mwaka ukatimia. Siku tatu kabla ya kwenda kuikusanya mifupa, Kesia akapata homa. Kesia alikuwa na miaka mitano, mtoto pekee aliyeachwa na Matania. Hilkia alivua msumari wake akamfunga mtoto shingoni, kisha akakaa pembeni kusubiri. Siku ya kwanza homa haikushuka. Siku ya pili mtoto aliacha kula. Siku ya tatu hakusema neno, alilala macho nusu wazi akipumua haraka haraka, na mama yake, Safira, alikuwa amemlowesha kwa maji mpaka mkeka umeanza kunuka.

Ndipo akaja Mama Hulda, jirani, aliyezalisha nusu ya mtaa na kuosha maiti za nusu nyingine. Aliushika ule msumari, akaugeuza, akaufungua na kumrudishia mwenyewe.

"Huu umekwisha, shemeji," alisema. "Miaka hamsini unaunyonya peke yako, ulidhani utabaki na nini?"

Hilkia aliuvaa tena.

"Mpya upo," akaendelea Mama Hulda, sasa kwa sauti ya chini. "Zakai mwenyewe alisema mmoja uligoma kutoka. Mwanao mmemzika nao kisiginoni. Na ule si wa mtu baki, umelala kwenye damu ya baba yake mtoto. Usipomponya huo hakuna kitakachomponya."

Hilkia aliegemea ukuta. Kwamba msumari ule ulikuwepo alijua. Zakai alikuwa amemwambia neno moja tu siku ya maziko, naye akalifunika mwaka mzima asilifikirie. Alimtazama mkwewe akitumaini atakataa.

Safira hakukataa. "Si kesho mnakwenda, baba?" aliuliza. "Chukua koleo."

Asubuhi ndugu wawili walilisukuma jiwe la mlangoni, wakainama wakaingia. Hilkia alikuwa na koleo na nyundo mshipini, na taa mkononi. Sanduku lilikuwa limeshatangulia. Alilichonga yeye mwenyewe mwaka huo wote, na kwa kuwa hakuwa na kipimo cha mwanawe alipima paja lake mwenyewe, maana walikuwa wa kimo kimoja. Zakai alikuwa mtu wa mzaha hata mahali pa msiba, na alimwambia kaka yake asiogope, humu ndani hakuna askari hata mmoja. Mzaha haukusaidia. Hilkia aliishika taa kwa mikono yote miwili.

Walifunua shuka, au kilichobaki cha shuka. Hilkia alianza na mikono. Aliichukua mifupa ya vifundo mmoja mmoja, akaisogeza kwenye mwanga, akapitisha kidole juu yake kama anavyopima jiwe lisilo na ufa. Yote ilikuwa mizima. Hapakuwa na tundu, hapakuwa na alama.

"Mikono walimfunga kamba," alisema Zakai. "Ungeniuliza ningekwambia."

"Niliogopa kuuliza."

"Mwaka mzima, kaka?"

Hilkia aliishika ile mifupa midogo akalia, na ndani ya kilio kile mlikuwa na nafuu kidogo, maana kati ya zile picha mbili moja ilikuwa imeondoka.

Kisha wakafika miguuni. Kisigino cha kulia kilikuwa kimeshikana na msumari kama vile vimezaliwa pamoja. Ulikuwa mrefu kupita kidole cha kati. Chini ya kichwa chake mlikuwa na kipande cha ubao, kilichowekwa ili mguu usichomoke. Ulikuwa umeingilia ubavuni mwa kisigino, ukatokea upande wa pili, na ncha yake ilikuwa imepinda kama ndoana, nyuzi za mzeituni bado zimeng'ang'ania. Zakai alieleza taratibu. Msumari ulikutana na fundo la mti, ukajikunja. Askari hawaachi misumari, huitumia tena, kwa hiyo mmoja wao aliuvuta na kuuvuta mpaka akaanza kutukana. Mwishowe jua likawa linazama, akapasua ule mti, akamwachia Zakai mguu pamoja na chuma chake.

Hilkia aliubana kwa koleo, akavuta. Mfupa ulitoa sauti ndogo, na ufa mwembamba ukaanza kutambaa kutoka kwenye tundu. Akaacha haraka.

"Hautoki hivyo," alisema Zakai. "Ile ncha itapasua kila kitu. Vunja kisigino tu, utoe. Mfu haumwi."

Hilkia alikilaza kisigino kwenye sakafu ya mwamba, akapiga magoti, akainua nyundo. Nyumbani kulikuwa na mtoto anayekufa. Hapa kulikuwa na mfupa. Lakini alikuwa ameamini tangu utotoni kwamba wafu watafufuka, kila mtu kwa mifupa yake, na sasa alimwona Matania siku hiyo akijaribu kusimama na kuanguka, akijaribu tena na kuanguka, na wenzake wakiondoka bila yeye. Akivunja, amemtupa mwana. Asipovunja, amemuua mjukuu. Jasho lilimtiririka machoni.

Alipoinama zaidi ili alenge, msumari wa shingoni ulining'inia ukagonga ule wa kisiginoni. Ulitoa mlio mdogo tu, chuma kwa chuma. Hilkia aliutazama wake kana kwamba hajawahi kuuona. Ulikuwa umenyooka, lakini karibu na ncha ulikuwa na mahali palipopondwa, pale ambapo uliwahi kujikunja kisha mtu akaunyoosha kwa nyundo. Kwa miaka hamsini kidole chake kilipita hapo.

"Zakai," aliuliza, "msumari ukijikunja, nao watu wanautaka kwa dawa, wanautoaje?"

Zakai aliitazama nyundo iliyokuwa mkononi mwa kaka yake, akakitazama kisigino, kisha akatazama pembeni.

Hapo Hilkia akajiona. Aliliona goti lake chini, mguu wa Matania mbele yake, na mkono uliopanda juu na nyundo. Mtu mwingine alikuwa amepiga goti hivihivi mbele ya mguu huuhuu, mwaka mmoja uliopita. Maisha yake yote aliogopa kile ambacho askari wangemfanyia. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alijiogopa mwenyewe, na woga huo ulikuwa mkubwa kuliko woga wote aliowahi kuujua.

Aliweka nyundo chini. Aliipaka mifupa mafuta, akaipanga sandukuni, na mfupa wa paja ukaenea sawasawa kama alivyopima. Kisigino alikiweka mwisho, na msumari wake ndani. Halafu akafungua kamba ya shingoni, akaulaza ule msumari wa zamani ubavuni, kwa sababu nao ulikuwa wa mtoto wa mtu, na huenda yule hakupata pango wala sanduku wala baba wa kumshikia taa mlangoni.

"Una wazimu," alisema Zakai, lakini alimsaidia kufunika.

Njiani Hilkia alijutia kila hatua. Mara mbili aligeuka ili arudi, mara mbili Zakai akamshika mkono. Mkono wa Hilkia ulipanda shingoni, haukukuta kitu, ukashuka, ukapanda tena.

Safira alikuwa mlangoni. Alitazama koleo, akatazama mikono mitupu, akatazama shingo.

"Hautoki," alisema Hilkia. "Ningeutoa ningemvunja kisigino."

"Ungemvunja."

"Mwanangu..."

"Ungemvunja, baba. Angekuwepo angekwambia mwenyewe umvunje." Hakupandisha sauti, na hilo lilimtisha zaidi. "Umemwogopa mpaka maiti yake."

Angeweza kumwambia kwamba hakumwogopa Matania, na kwamba kitu alichokiogopa mle pangoni kilikuwa kingine. Hakusema, kwa sababu alijua Safira ana haki. Kwa desturi, aliyegusa mifupa hukaa mbali na watu siku saba, na Hilkia alikuwa mtu wa kuishika desturi kwa woga kuliko wengine wote. Lakini aliingia. Alikaa miguuni pa Kesia, akakishika kisigino chake kidogo kwa viganja vyote viwili. Kilikuwa cha moto kama mkate uliotoka tanurini. Safira alimwona, akataka kumfukuza, akaacha.

Walikaa hivyo mpaka jua likaanza kuegemea ukuta wa jirani. Hilkia alihesabu pumzi za mtoto, na kila moja ilipochelewa alijua ni yeye aliyeichelewesha. Alitafuta moyoni atakachomwambia Safira, na hakupata hata neno moja la kuanzia.

Mguu ukajivuta. Aliushika tena, ukajivuta tena, kwa ukaidi.

"Babu," alisema Kesia, sauti kavu, neno la kwanza kwa siku mbili. "Mikono yako baridi."

Safira alimrukia mtoto, akamgusa paji la uso, kisha shingo, kisha mgongo, akautazama unyevu wa jasho kwenye kiganja chake. Hakumtazama mkwewe. Alisema tu, "Mletee maji," na Hilkia akainuka. Mkono ulipanda wenyewe shingoni kuutafuta msumari, ukakuta ngozi tupu, naye akaogopa vilevile kama siku zote, akaenda kuchota maji.