Turubai Lililokunjwa Mara Nne

Kuna mchezo mmoja ambao sitaucheza tena, na kila nikikataa watu huniona mwanamke mwenye kiburi. Wenyewe ni mwepesi. Watu wanapanda juu ya turubai lililotandikwa chini. Kiongozi anapuliza filimbi, wanashuka, turubai linakunjwa nusu, wanapanda tena, na mguu wa mtu yeyote usiguse ardhi. Linakunjwa tena, na tena, mpaka watu wanasimama wamekumbatiana kama kuni za mzigo mmoja. Kundi litakalodumu mpaka mwisho ndilo linalopata zawadi. Wanasema mchezo huo unafundisha kushirikiana. Mimi ulinifundisha kitu kingine, na bado kinanichoma.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Baraka, mashariki mwa Kongo. Wakati huo nilikuwa pia katika kikundi cha shamba, wanawake thelathini, nusu Wabembe, wenyeji wa huku, nusu wakimbizi wa Burundi kutoka kambi ya Lusenda. Shirika moja lilituombea ardhi kwa chefu, mkuu wa mahali, si mbali na kambi, nasi tukailima pamoja: mihogo na mahindi juu, bustani ya mboga chini karibu na maji. Nilikwenda huko kila Jumamosi na siku za likizo.

Sisemi kwamba tulikuwa malaika. Wenyeji walinung'unika kuwa wakimbizi wanachuma mboga za lengalenga kabla ya zamu yao. Wakimbizi walinung'unika kuwa wameachiwa upande wenye mawe, na walisema kweli. Lakini mama mmoja wa kambini aliposhikwa na uchungu wa kuzaa katikati ya matuta, tulifunga vitenge viwili kwenye miti ya maharage, tukambeba kwa kupokezana mabega mpaka kituo cha afya. Hakuna aliyeuliza bega hili ni la Mbembe au la Mrundi. Wala hakuna aliyetupulizia filimbi.

Kati yetu alikuwepo mama mmoja wa Burundi mwenye fimbo. Mguu wake wa kushoto ulivunjika wakati wa kukimbia, ukajiunga vibaya, na tangu hapo alitembea ameegemea fimbo ya mti mgumu aliyoichonga mwenyewe. Kulima kwa kusimama hakuweza. Basi alikaa chini kwenye kitalu, mguu ameunyoosha pembeni, akapanda mbegu za shu, yaani kabichi, na za nyanya, akazifunika kwa majani ya migomba, akazinywesha kwa kopo lililotobolewa. Hakuna shu hata moja iliyoota katika shamba lile bila kupita kwanza kwenye vidole vyake. Alikuwa mtu wa maneno machache, na akisema alisema polepole, kwa Kiswahili chenye Kirundi ndani yake.

Shirika likaamua kwamba tunahitaji mafunzo ya umoja. Akaja fundi wa mafunzo kutoka Bukavu, tuliyemwita formatere kama walivyomwita wenzake. Alikuwa kijana mpole, mwenye viatu vyeupe na filimbi shingoni. Tulimpa kiwanja cha shule yangu kwa siku mbili.

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri, sitaipaka matope. Tulisimama duara, kila mmoja akashika mikono ya watu wawili wa mbali, tukawa fundo kubwa, tukaambiwa tujifungue bila kuachana. Tulipita chini ya makwapa ya wenzetu, tukaruka mikono, kitenge cha mama mmoja muuza ndakala, dagaa wa ziwani, kikafunguka tukamfunika huku tunacheka mpaka machozi. Mama mwenye fimbo naye alicheza. Aliikabidhi fimbo yake kwangu, nikaiweka chini, mkono wake ukabaki katika wangu. Fundo lilipofunguka nilirudi nyumbani nikiwa na furaha ya kitoto.

Siku ya pili formatere alileta maturubai mawili. Yalikuwa meupe, ya aina ileile inayofunika nyumba za kambini. Niliona wanawake wa Lusenda wakiangaliana. Akatugawa makundi mawili ya watu kumi na watano, yaliyochanganyika, kila kundi na turubai lake. Kundi langu likanichagua kiongozi kwa sababu ninajua Kifaransa. Mama muuza ndakala na mama mwenye fimbo walikuwa upande wangu. Zawadi ilikuwa katoni ya sabuni, nayo ikawekwa juu ya meza tuione vizuri.

Kukunja kwa kwanza tulienea. Kukunja kwa pili tulibanana, tukacheka. Kukunja kwa tatu kicheko kilipungua. Mama mwenye fimbo alihitaji nafasi ya watu wawili, maana mguu wake haukunjiki na fimbo yake ilihitaji mahali pa kusimama. Mtu mmoja alikanyaga nje, tukarudishwa kupanda upya. Upande wa pili walikuwa wameshasimama imara.

Hapo ndipo mama muuza ndakala aliposema, bila ubaya katika sauti, kama mtu anayempa mwenzake kiti:

"Mama wa fimbo apumuzike kidogo. Asiumie bure."

Mama mwenye fimbo alitazama turubai, akanitazama mimi. Nilikuwa kiongozi. Nilikuwa nimeshika mkono wake. Niliangalia meza yenye sabuni, nikaangalia kundi lile jingine, nikamwambia sawa, mama, upumzike.

Akashuka. Tulikunja mara ya nne. Kumi na wanne tulienea, tumeshikana viuno, wengine wamebeba wengine mgongoni. Kundi la pili walianguka. Formatere akapuliza filimbi, akapiga makofi, akasema tumeonyesha akili ya kutafuta suluhisho. Kisha akageuka, akamwona mama mwenye fimbo amesimama peke yake kivulini, akampa simu yake.

"Mama, kwa sababu hauko mu mchezo, utupigie foto."

Alimwonyesha pa kubonyeza. Yule mama aliegemeza fimbo kwenye bega, akashika simu kwa mikono miwili, akatupiga picha. Tulitabasamu. Mimi pia nilitabasamu, na hilo siwezi kulifuta.

Baada ya hapo tulikaa chini kwa mazungumzo. Formatere aliuliza tumejifunza nini. Watu walimpa majibu yale anayopewa kila mgeni: umoja ni nguvu, kidole kimoja hakivunji chawa. Aliandika yote kwenye karatasi kubwa kwa kalamu ya kijani. Mwishoni akataka kusikia pia kwa aliyekuwa nje, nadhani alifikiri anamheshimu.

Mama mwenye fimbo aliilaza fimbo yake kando. Kisha akasema:

"Tulifika Lusenda mvua inanyesha. Batupa bashi moja, turubai kama hii. Tulikuwa bantu kumi na mbili, bengine hatukubajua hata majina. Tuliitandaza juu, tukaingia chini yote. Hakuna mwenye aliambiwa atoke. Leo ndiyo nimeona bashi inakunjwa juu ya kutoa bantu inje."

Formatere alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepotea njia, akamwambia asichukulie vibaya, huu ni mchezo tu, na zaidi ya hayo alishuka kwa hiari yake. Halafu akageukia karatasi yake. Maneno ya yule mama hakuyaandika.

Hapo damu ilinipanda kichwani. Nilisimama nikaanza kwa Kifaransa, ili nisimwaibishe mbele ya watu. Nilimuuliza hiari gani anayozungumzia. Mtu akiangaliwa na watu kumi na wanne wanaotaka sabuni, hiari yake iko wapi? Akanijibu kwa utulivu kwamba kanuni haikukataza, na kwamba kila kundi huchagua njia yake. Nikaacha Kifaransa, nikasema kwa Kiswahili wote wasikie. Nilisema kama kanuni inaruhusu kushinda kwa kumtoa mwenzako, basi hayo si mafunzo ya umoja. Nilisema kutoa watu tunajua tangu zamani, hatukuhitaji mtu wa kutoka Bukavu atufundishe. Nilisema sabuni ile siichukui.

Nilifikiri nitaungwa mkono. Badala yake mama muuza ndakala aliinuka taratibu, akajifunga kitenge vizuri.

"Mwalimu, miye nilisema apumuzike, ni kweli. Lakini wewe ndiye ulikuwa chefu. Mudomo huu yote ulikuwa wapi ile wakati?"

Nilikaa. Hasira yangu haikupungua, ila ilipoteza mahali pa kwenda, ikanirudia mimi. Sabuni ziligawanywa. Mimi sikuchukua, na mama mwenye fimbo alichukua yake kama wengine. Alikuwa na nguo za kufua.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda shambani mapema kuliko wote. Nilimkuta kwenye kitalu. Nilikaa kando yake nikamwomba msamaha, maneno mengi, niliyapanga njia nzima juu ya pikipiki. Alinisikiliza bila kuacha kung'oa magugu. Nilipomaliza alisema hakukasirikia mchezo wala sabuni. Alikuwa amejifunza kuondoka kabla hajafukuzwa, ndiyo sababu alishuka haraka, na alikuwa amechoka kuishi hivyo. Kisha akaniuliza kama nimekuja kusema tu au nimekuja kufanya kazi. Nikachukua kopo, nikaenda kuchota maji.

Niliandika barua kwa ofisi ya shirika. Niliipeleka mwenyewe, ikapokewa na bwana mmoja aliyenishukuru sana, akasema maoni yangu ni ya thamani. Siku chache baadaye nilipita tena kuuliza. Barua haikuonekana, ila ukutani, karibu na mlango, walikuwa wamebandika picha yetu: wanawake kumi na wanne juu ya kitambaa cheupe, tumekumbatiana, na chini yake maneno kuhusu wenyeji na wakimbizi kuishi kwa umoja. Nilimuuliza yule bwana anajua nani aliyeipiga. Akasema ni formatere. Nikamwambia si yeye. Akasema haidhuru, picha ni nzuri.

Haidhuru. Neno hilo nimelisikia mara nyingi katika maisha yangu, na mara nyingi limetoka kwa mtu ambaye kweli halimdhuru.

Mvua zikapita, tukavuna, tukapanda tena. Formatere alirudi kwa kile walichokiita ufuatiliaji. Alitukuta shambani safari hii, akatandika turubai kwenye nyasi kando ya bustani, akasema tutafanya kundi moja, wote thelathini, aone kama tumekua. Hakuna zawadi. Mimi nilimwambia sichezi, nitakaa pembeni na jembe langu.

Wenzangu walipanda. Alikunja mara ya kwanza. Wakati wa kupanda tena, mama muuza ndakala alimshika mkono mama mwenye fimbo, akamwingiza katikati kabisa, akamwambia akae chini, anyooshe mguu. Wanawake walisimama kumzunguka. Formatere akapuliza filimbi washuke akunje tena. Hawakushuka. Alipuliza tena. Mama muuza ndakala akajiteremsha akakaa, kando ya ule mguu ulionyooshwa, na wengine wakakaa mmoja mmoja, mpaka turubai lote likafunikwa na vitenge.

"Mutoto wetu," alimwambia formatere, kwa heshima kabisa, "hapa tunatosha. Ukitaka kukunja, anza na kutuambia nani atoke, na umwite ku jina lake."

Kijana yule alisimama na filimbi mdomoni bila kuipuliza. Sijui alifikiri nini. Hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana ninashindwa kumsamehe upesi. Mtu mbaya ungemjua tangu asubuhi. Huyu alikuja na tabasamu na karatasi iliyoandikwa na watu wa mbali, na katika karatasi ile hakukuwa na mahali pa mguu usiokunjika. Mimi pia, niliyejua mguu ule, nilikubaliana na karatasi.

Niliacha jembe. Nilitembea mpaka ukingo wa turubai, nikasimama. Hapakuwa na nafasi. Mama mwenye fimbo aliniona, akaivuta fimbo yake akailaza mapajani, na waliokaa karibu naye wakajisogeza. Nilikaa.

Baadaye tulisikia kwamba katika ripoti yake kikundi chetu kiliandikwa kuwa hakikumaliza zoezi, na kwamba bado tunahitaji mafunzo. Mafunzo hayakuja tena, yalipelekwa kwa kikundi kingine, huko Lubondja. Mwalimu mwenzangu wa Lubondja aliniambia kule walicheza vizuri sana, walifika mpaka kukunja kwa tano. Nilimuuliza walianza watu wangapi na walimaliza wangapi. Akasema hakuhesabu.